Miguu ya Adero, Macho ya Afande

Adero aliacha kushindana mbio za baiskeli mimba ya Moreen, mtoto wake wa kwanza, ilipoanza kuonekana, na akazirudia akiwa amevuka miaka arobaini na tano, wakati macho yake hayaoni tena ila mwanga na kivuli. Hapo katikati pana maisha marefu, na sehemu kubwa ya maisha hayo ameyaishi katika soko la Kalerwe, Kampala, nyuma ya meza ya dagaa. Waganda huwaita mukene, kwao huitwa omena, na mteja akiulizia kwa jina lolote kati ya hayo Adero anaitika na kuanza kupima.

Kwao ni upande wa Ugunja, magharibi mwa Kenya. Baba yake alikuwa na baiskeli nyeusi, nzito, ya kubebea magunia, na Adero alijifunza kuiendesha kabla hajaweza kukifikia kiti, akipitisha mguu mmoja chini ya bomba la fremu na kukanyaga huku amejipinda, kama walivyofanya watoto wote wa rika lake. Alipokuwa msichana mkubwa alibebea samaki baiskeli hiyo hiyo, kutoka ufuoni mwa ziwa hadi sokoni, kila siku ya Mungu. Basi kiwanda kimoja cha sabuni kilipoandaa mbio za wanawake pale Busia, shangazi yake akamwandikisha kwa mzaha. Adero akawaacha wenzake mbali mno hata waliosimama mwisho wa mbio wakamshuku amepita njia ya mkato. Mwaka uliofuata akashinda tena, na safari hiyo hakuna aliyemshuku.

Kisha akaolewa na Obura, fundi wa kuchomelea vyuma, kijana wa kijiji cha jirani aliyekuwa amekwisha kupata kazi Katwe. Wakahamia Kampala, wakapanga nyumba Kawempe, wakazaa watoto watatu. Watoto wakakua, kila mmoja akashika njia yake. Baiskeli ikawa jambo la kusimulia tu, na baadaye hata kusimulia kukakoma.

Ugonjwa ulianzia pembeni. Adero alikuwa akigongana na wabeba mizigo sokoni, akijilaumu kwa kutokuwa makini. Akimimina chai aliimwaga kando ya kikombe. Alipokubali kwenda hospitali, daktari alimweleza kwa upole kwamba ni presha ya macho, kwamba kilichokwisha kupotea hakitarudi, na kwamba dawa ya matone ingejaribu kulinda kilichobaki. Dawa ilijaribu. Kilichobaki nacho kikaenda, polepole, mpaka asubuhi moja akagundua kwamba hajui Obura amevaa shati gani.

Soko halikumtupa. Phelister, jirani yake anayeuza nyanya, ndiye aliyekuwa akimpitia nyumbani asubuhi na kumshika mkono hadi kwenye meza. Wateja walimtajia noti kabla ya kumpa. Vijana wa mikokoteni walimpigia mluzi wakikaribia. Adero aliwajua dagaa kwa vidole, wakavu na wabichi, waliokaushwa mchangani na waliokaushwa kwenye turubai, kwa hiyo biashara haikuyumba sana. Ila kuanzia kulipokucha hadi jua kuzama alikuwa akisema asante. Asante kwa mkono, asante kwa kiti, asante kwa kuonyeshwa mtaro. Alishukuru kweli, na jioni akipiga magoti aliwataja watu hao mmoja mmoja mbele ya Mungu. Lakini zilikuwapo siku ambapo neno hilo lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki, kwa sababu lilikuwa likienda upande mmoja tu. Hakuna aliyekuwa na sababu ya kumwambia yeye asante, ila kwa nyongeza ya dagaa.

Kati ya wateja wake wa Alhamisi alikuwa mama mmoja Mnubi, mzaliwa wa Bombo, jina lake Zulaika. Alikuwa amestaafu polisi baada ya miaka mingi ya kuendesha pikipiki kubwa za barabarani, zile zinazotangulia misafara, na soko zima lilimwita Afande. Kiswahili chake kilikuwa cha kambi, kifupi, hakina mapambo. Yeye na Adero walipendana kwa sababu hiyo kwanza: katikati ya Kiganda cha Kalerwe, kila mmoja alipata mtu wa kuzungumza naye bila kutafuta maneno.

Tangu astaafu, Zulaika alikuwa akitembea kwa baiskeli. Alhamisi moja aliiegemeza kwenye meza ya Adero ili apate kuchagua dagaa kwa mikono miwili. Mkono wa Adero ukaigusa, ukasimama, kisha ukaanza kuipitia bila kuomba ruhusa: usukani, breki, bomba la fremu, kiti. Zulaika akaacha kuchagua, akamtazama.

"Ulikuwa unaendesha?" akauliza.

"Nilikuwa nashindana," Adero akasema.

Zulaika akamaliza kuchagua. Akafungiwa dagaa wake, akalipa, ndipo akaeleza kwamba yumo katika klabu ya wapanda baiskeli huko Kawempe, watu wazima kwa vijana, wanaotoka pamoja kila Jumapili. Kila mwaka klabu hiyo huandaa mbio, na waliovuka arobaini wana kundi lao. Akaeleza pia kwamba ameona kwenye simu baiskeli yenye viti viwili na pedali za watu wawili, anayeona akikaa mbele, asiyeona akikaa nyuma, na watu hao wanashindana kabisa, si mchezo.

Adero alihisi uso ukimwaka. "Afande," akasema, "mimi si gunia la mukene, nifungwe nyuma."

"Gunia halikanyagi pedali," Zulaika akajibu, akachukua mfuko wake, akaenda.

Adero alikataa kata kata. Aliikataa habari hiyo kwa Phelister aliyeisikia yote, akaikataa tena peke yake nyumbani akiosha vyombo. Zulaika naye hakuitaja tena. Aliendelea kuja Alhamisi, akanunua dagaa, akauliza habari za Moreen aliyekuwa akifanya kazi Nakuru, akaaga. Ila kila alipokuja aliiegemeza baiskeli pale pale mezani, upande ambao mkono wa Adero ungeifikia. Na kila Alhamisi mkono wa Adero uliifikia.

Phelister hakuweza kuvumilia. Alimwambia Obura. Jioni hiyo, walipokwisha kula, Obura akamuuliza mkewe kama ni kweli, na Adero akasema ni kweli, na kwamba amekwisha kukataa.

"Lakini ungependa?"

Adero alitaka kusema hapana, akakuta neno hilo halipo kinywani.

"Naogopa nitapenda, Baba Moreen," akasema.

Obura aliinuka, akamletea maji ya kunawa, na mazungumzo yakaishia hapo. Kumbe kesho yake, huko Katwe, alimwendea Pitshou, Mkongo kutoka Bunia aliyekuwa na kibanda cha baiskeli nyuma ya karakana yao, akamuuliza kama anaweza kupata fremu mbili za chuma kizuri.

Kazi hiyo iliwala jioni nyingi. Fremu ya kwanza waliyoiunganisha ilipinda Pitshou alipoikalia na kijana mwingine, wakaikata, wakaanza upya na kuongeza bomba la chini. Upande wa kushoto walifunga mnyororo unaounganisha pedali za mbele na za nyuma, ili miguu ya watu wawili izunguke kama ya mtu mmoja. Usukani wa nyuma waliuchomelea, haugeuki, ni wa kushika tu. Ilipofika wakati wa kupima urefu wa kiti, Obura hakuona njia ila kumpeleka Adero Katwe mwenyewe. Basi Adero akakaa juu ya fremu tupu iliyowekwa juu ya matofali, katikati ya kelele za mashine za kukatia vyuma, na mashine hizo zikanyamaza moja baada ya nyingine, maana mafundi walikuwa wameacha kazi wakimtazama mke wa Obura. Miguu yake ilizunguka hewani. Pitshou akateremsha kiti kidogo, akamwambia azungushe tena, akaridhika.

Kisha Pitshou akauliza ipakwe rangi gani. Obura akafungua kinywa kujibu, akakifunga, akamwachia mwenyewe.

"Nyekundu," Adero akasema, halafu akataka kuambiwa ni nyekundu ya namna gani. Walimweleza kwa muda: ya nyanya, ya damu, ya udongo wa barabara ya Gayaza. Akachagua ya nyanya, kwa heshima ya Phelister.

Rangi ilipokauka Adero alimwambia Afande kwamba yuko tayari, na siku ya kwanza walikwenda na Obura kwenye uwanja wa mpira wa Kawempe mapema, kabla wachezaji hawajafika. Zulaika alivaa suruali ndefu na kitambaa chake cha kichwa chini ya kofia ngumu. Obura alishika baiskeli hadi wote wawili wakakaa, akawasukuma, akaachia. Hawakufika hata nusu ya uwanja. Walianguka upande wa kulia, polepole, kama ukuta unaoinama, na Adero akainuka na mchanga mdomoni. Wakajaribu tena, wakaanguka tena. Mara ya tatu Zulaika alibaki amekaa chini.

"Unapigana na mimi," akasema. "Nikipinda kushoto, wewe unavuta kulia. Unataka kuendesha."

Ilikuwa kweli. Mikono ya Adero ilikuwa ikiupinda usukani usiopindika, na mwili wake ulikuwa ukikataa kila kona kwa sababu haukuichagua. Maisha yake yote kwenye baiskeli alikuwa mtu wa mbele. Kukanyaga hakukuwa kazi. Miguu ilikumbuka siku ile ile. Kazi ilikuwa kukaa nyuma ya mtu mwingine na kuuachia mwili uende. Alijifunza kwa kuegemea sauti. Zulaika alikuwa na maneno machache, ya kipolisi, na hakuyabadilisha kamwe: kushoto, kulia, tuta, tulia, na lile ambalo Adero alilipenda kuliko yote, kazi, maana yake kanyaga kwa nguvu zako zote. Akajifunza pia mgongo wa Zulaika, jinsi bega linavyoshuka kidogo kabla ya kona, jinsi pumzi inavyokatika kabla ya mlima. Zilipopita wiki kadhaa wakawa wanatoka barabarani Jumapili pamoja na klabu, na vijana waliokuwa wakiwangoja kwa huruma wakaacha kuwangoja, maana kwenye tambarare ile baiskeli nyekundu ilikuwa haishikiki.

Wakati huo wote waligombana mara moja tu. Walikuwa wakirudi kutoka Matugga, Zulaika akiwa kimya, na baiskeli ikapanda tuta bila neno lolote. Adero alirushwa kitini, akajing'ata ulimi, akaonja damu. Akaomba wasimame. Akashuka, akasimama kando ya barabara huku malori yakipita.

"Wewe unaona," akasema, "ndiyo maana unasahau kwamba mimi sioni. Ukinyamaza, mimi niko gizani na kasi."

Zulaika hakujitetea. Alisema, "Nisamehe, Mama Moreen. Nilikuwa peke yangu kichwani." Kisha akaeleza kwamba kwenye pikipiki alizoea hivyo, miaka na miaka, injini na yeye, hana wa kumwambia kitu. Adero alisikia katika sauti hiyo kitu ambacho hakuwahi kukisikia kwa Afande, akaona haya kwa kuwa amefoka. Wakapanda tena. Tangu siku hiyo Zulaika alikuwa akisema hata visivyo na haja: ng'ombe wanne upande wa kulia, harusi inakuja, mbele kuna mvua lakini ya mbali.

Mwenyekiti wa klabu, mwalimu mstaafu kutoka Lira aliyeitwa Ogwal, alisita waliposema wanataka kuingia kwenye mbio za mwaka. Alihofia ajali, na hakuficha. Lakini hakukataa kabla ya kuona. Alikuja asubuhi moja, akawafuata kwa baiskeli yake hadi Kagoma na kurudi, na aliposhuka akawa anahema sana kuliko wao. Akasema wataanza nyuma ya kundi la waliovuka arobaini, wahesabiwe pamoja na wanawake, na kwenye mteremko wasimpite mtu upande wa ndani. Adero akamshukuru, na shukrani hiyo ilitoka bila kukwama popote.

Njia ya mbio ilikuwa kutoka Kawempe, kupita Matugga na Bombo, hadi Wobulenzi, kisha kugeuza na kurudi kumalizia Bombo. Obura na Pitshou walitangulia Bombo na mfuko wa spana. Phelister alikuja hadi mahali pa kuanzia, akamfunga Adero kamba za viatu ingawa zilikuwa zimekwisha kufungwa, akasema maneno ya kumwombea, akajificha nyuma ya watu kwa sababu alikuwa ameanza kulia.

Ukungu ulikuwa haujapanda. Adero alihisi ubaridi wake mikononi. Kulikuwa na harufu ya dawa ya kuchulia misuli, harufu ile ile ya Busia ya usichana wake. Pande zote magurudumu yalikuwa yakilia tiki tiki tiki, watu wakivuta pumzi, wakikohoa, wakicheka kwa woga. Alikuwa amesahau kwamba hata wanaoona huwa wanaogopa kabla ya mbio. Akamgusa Zulaika mgongoni, akakuta moyo wake unapiga mbio pia, akatulia.

Kisha filimbi ikapigwa, na Zulaika akasema, "Kazi."

Mwanzoni walikuwa wa mwisho, kwa sababu baiskeli ndefu ni nzito kuanza. Lakini walipokwisha kupita Maganjo barabara ikanyooka, na Adero akaanza kusikia watu wakifikiwa na kuachwa nyuma: pumzi ya mtu mbele, pumzi ubavuni, pumzi nyuma. Zulaika alikuwa akiwataja kama anahesabu kuku. Yule wa fulana ya kijani, huyo tumempita. Mzee Ogwal, huyo naye, msalimie. Kando ya barabara watu waliotoka kanisani na wauza gonja, zile ndizi za kuchoma, walipiga kelele walipoiona baiskeli, na neno walilolipiga lilikuwa moja, kuanzia Matugga hadi Bombo: abalongo, abalongo. Adero alijua Kiganda cha kutosha kuelewa kwamba wanaitwa mapacha, na kwamba kwa Waganda mapacha ni watu wa kuheshimiwa. Alicheka mpaka akakosa pumzi, na Zulaika akamkemea apunguze kicheko aongeze mguu.

Wobulenzi iliwapotezea muda. Kugeuza baiskeli ya namna ile kunataka barabara pana, na pale palijaa watu. Walishuka, wakaigeuza kwa mikono, wakapanda tena, na wanawake watatu walioachwa nyuma mapema wakawapita. Haikuwaumiza sana. Walikuwa na njia ya kutosha mbele, jua lilikuwa limetoka, na Adero alihisi miguu yake kama mali aliyokuwa ameiweka mahali akaisahau. Waliwashika wawili kati ya wale watatu kabla ya kuanza mwinuko wa mwisho, ule wa kuingia Bombo.

Hapo ndipo aliposikia baiskeli imebadilika. Pedali zilikuwa nzito upande mmoja, kama mtu anayechechemea. Mgongo wa mbele ulikuwa umekaza.

"Nini, Afande?"

"Goti," Zulaika akasema. Lilikuwa lile lililoumia zamani, pikipiki ilipomwangukia akiwa kazini, na alikuwa ameyaficha maumivu yake kwa wiki mbili. Adero alisikia sauti yake ikivunjika. "Siwezi kukanyaga. Tushuke, Mama Moreen. Tutembee nayo."

Adero alikuwa na nafasi ya kufikiri kwa mizunguko michache tu kabla baiskeli haijasimama.

"Usishuke," akasema. "Wewe ona tu. Miguu niachie mimi."

Akainuka kitini. Aliukamata usukani ule usiogeuka, akautia uzito wa mwili wote kwenye pedali, kulia, kushoto, kulia, kama alivyokuwa akipanda kutoka ufuoni na samaki nyuma. Miguu ya Zulaika ilizunguka tu, imebebwa na mnyororo. Barabara ilikataa kuisha. Mapaja yalimwaka, jasho likaingia kwenye macho yasiyoona na kuyachoma kama yanayoona. Mbele yake Zulaika alisema bila kukoma, kwa sauti ya chini, karibu kama mtu anayeswali: sawa, nyoofu, nyoofu, shimo kushoto tumelikwepa, nyoofu, nauona msikiti, nawaona watu, bado kidogo. Kuna mwanamke aliyewapita hapo, Adero akamsikia akipita na hakujali. Hakuwa akimkimbiza mtu. Alikuwa akimbeba rafiki yake kwenda kwao.

Kisha mlima ukalegea chini ya magurudumu, kelele zikawafunika, na Zulaika akafunga breki.

Walimaliza wakiwa wa tano kati ya wanawake waliovuka arobaini, na nyuma yao bado kulikuwa na watu wakija, wanaume wengine wakiwamo. Obura aliishika baiskeli ili wasianguke. Zulaika aliinamisha kichwa juu ya usukani, akabaki hivyo, kisha akageuka kitini kadiri goti lilivyomruhusu, akaushika mkono wa Adero kwa mikono yake miwili.

"Asante, Mama Moreen," akasema. "Leo umenifikisha."

Kwa miaka yote hiyo neno hilo lilikuwa la Adero kutoa, na sasa lilipomjia hakujua pa kuliweka. Ilibidi avute pumzi mara mbili. "Karibu, Afande," akasema hatimaye, kwa sauti ndogo, na ndipo machozi yalipomtoka, akayaacha yashuke kwa sababu wote pale walikuwa wamelowa jasho na hakuna ambaye angetofautisha.

Dada yake Zulaika, Nabilah, alikuwa amewapikia. Nyumba yake haikuwa mbali na mahali pa kumalizia, na wote wakaenda huko, Ogwal naye alipofika, na Pitshou, na Phelister aliyekuwa amedandia gari la wasimamizi. Walikula gurusa, ile mikate myembamba ya Kinubi, na mchuzi wa bamia, wameketi kwenye mkeka, goti la Zulaika limewekwa juu ya mto na kufungwa kitambaa chenye barafu. Nabilah aligombeza dada yake kwa Kinubi muda wote wa chakula, na hakuna aliyehitaji kutafsiriwa. Ogwal alisema mwakani lazima pawe na kundi la baiskeli za watu wawili, hata kama watakuwa peke yao. Pitshou akajibu kwamba hawatakuwa peke yao: mtu mmoja wa Namuwongo, asiyeona tangu utotoni, alikuwa amekwisha kuja Katwe kuigusa baiskeli yao wakati rangi haijakauka, akaondoka na vidole vyekundu.

Adero alikula na kusikiliza. Alimpa Mungu shukrani zake kimya kimya, akataja majina yote yaliyokuwa mkekani, na hakuona kama anarudisha mkopo. Alijiona kama mtu anayekaa na wenzake.

Goti la Zulaika lilimlazimisha kupumzika mwezi mzima. Daktari alimkataza baiskeli kabisa kwa muda huo, na ile nyekundu ikabaki imeegemezwa ukutani kwa Obura, Kawempe. Jumapili ya pili Adero alisikia mume wake akiizunguka, akiibonyeza tairi, akikohoa.

"Ninaweza kujaribu mbele," Obura akasema. "Tuende nayo kanisani."

Aliendesha vibaya mno. Aliyumba tangu langoni, akakaribia kuingia kwenye mtaro, akasimama kila walipokutana na bodaboda. Adero alimfundisha kutoka nyuma, akamwambia alegeze mabega, akamwambia pia kwamba akiona kitu lazima akiseme, maana nyuma hakuna anayejua kinachokuja.

Obura si mtu wa maneno mengi. Tangu waoane angeweza kukaa jioni nzima na kusema matatu au manne, na Adero alikuwa amekwisha kuzoea kuishi na ukimya wake. Lakini sasa hakuwa na budi. Alianza kwa kusitasita, tuta, kona, lori, kisha polepole akakolea. Mbele kuna lori la matoke, limeegeshwa vibaya. Kuna mama anafagia mbele ya duka, amevaa gomesi ya zambarau. Wale watoto wa Mzee Dawudi wamekua, mmoja ameshika mbuzi. Ile nyumba ya kona imepakwa rangi, ya njano, haijapendeza. Jua limetoka, Mama Moreen, linapiga kwenye mabati yote ya bondeni.

Adero alikanyaga polepole, ili njia isiishe haraka, akamwuliza na upande wa kulia kuna nini.